Mustang haivuti: tafuta nguvu iliyopotea kabla ya kununua nyingine

Mzee mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliingia uani kwetu na Ford Mustang ya mwaka 1969, V8 ya inchi za ujazo 302, yaani lita 4.9, kabureta ya vinywa viwili na giaboksi inayojibadilisha yenyewe. Gari lilikuwa linatembea. Aliyekuwa mgonjwa ni mwenyewe: kwenye barabara ya Kipushi alikuwa amepitwa na teksi ya lita 1.3 iliyobeba watu sita na gunia la makaa.

"Mutoto yangu," akaniambia, "unitafutie karbiratere ya kinywa ine. Ile kubwa."

Bei aliyotajiwa na mwagizaji wa vipuri ilitosha kununua pikipiki. "Papa," nikamjibu, "ile karbiratere tuiache kwanza. Unipe siku mbili na pesa ya bujia."

Siku mbili zikawa tano, nisidanganye. Lakini gari lilitoka na kabureta yake ile ile ya zamani, na teksi haijalipita tena. Ninaandika hapa njia tuliyoifuata, dalili kwa dalili, nikichanganya na niliyoyaona kwenye magari mengine ya umri huo. Namba ni za 302 hiyo. Mwenye Chevrolet au Dodge afuate njia hii hii, ila namba azisome kwenye kitabu cha gari lake.

Neno moja juu ya maneno. Lubumbashi plagi tunaiita bujia, distribyuta ni delko, pointi zake ni platini, koili ni bobini, na tundu dogo linalopima mafuta ndani ya kabureta ni jikleri. Tena kwetu petrole ni mafuta ya taa. Kinachowaka kwa bujia ni esansi. Mtu wa Dar es Salaam akija huku akaomba "petroli" kwenye bidoni ya kando ya barabara, asilaumu mtu gari likianza kukohoa kabla ya kufika Kasumbalesa.

Namba za kitabu, zishushe kwanza

Kitabu cha Mustang kiliandikwa Michigan, mahali palipo chini ya mita 200 kutoka usawa wa bahari. Lubumbashi iko mita 1,200 na ushei. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa asilimia 13 hivi, na injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa karibu kiasi hicho hicho, hata ikiwa mpya kabisa. Halafu zile nguvu za farasi 220 zilizoandikwa kitabuni zilipimwa kwa mtindo wa zamani wa Wamarekani: injini juu ya stendi, haina feni ya kuzungusha, haina chujio la hewa, haina bomba la moshi la gari lenyewe. Mtindo huo waliuacha kwenye modeli za 1972. Kwa hiyo anayezitafuta farasi 220 kwenye mitaa yetu ya Lubumbashi, Kenya au Kampemba, anatafuta kitu ambacho hata Marekani hakikuwahi kufika kwenye gurudumu.

Mwinuko huu unabadilisha vipimo vinne, na fundi asiyevijua atatibu gari lisilo na ugonjwa. Geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa wa injini, ambayo kitabu kinataka isome inchi 18 hadi 21 za zebaki injini ikiwa ralanti, yaani ikizunguka bila kukanyagwa, hapa ikisoma 14 hadi 17 ni sawa. Toa inchi moja kwa kila mita 300. Kompresheni, yaani mbano wa silinda, nayo itasoma chini kwa asilimia hizo 13. Maji yanachemka kwenye nyuzi 96, si 100. Na kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari hapa inamwaga esansi nyingi kuliko hewa inayoingia. Hilo la mwisho nitalirudia, maana ndilo lililokula nusu ya nguvu ya yule mzee.

Kabla hujagusa bisibisi, pima. Chagua kipande cha barabara kilicho tambarare na kisicho na watu, alfajiri ya Jumapili. Kaa na mtu mwenye simu ya kupimia sekunde. Kanyaga mpaka mwisho kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, uende na urudi, kisha chukua wastani. Andika. Baada ya hapo badilisha kitu kimoja tu, upime tena. Anayebadilisha bujia, wakati wa cheche na jikleri siku moja hatajua kilichomponya wala kilichomwumiza.

Gari ni zito muda wote, ila halikatikati

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na sababu yake ya kwanza haigharimu hata faranga. Zima injini, vua chujio la hewa, mtu akae kwenye kiti akanyage mpaka chini. Wewe chungulia ndani ya kabureta: vipepeo, vile vibamba vinavyofungulia hewa, vimesimama wima kabisa? Kwa yule mzee vilikuwa vimefunguka kama theluthi mbili. Alikuwa ameweka zulia nene sakafuni, na juu yake mpira wa kukanyagia, na fimbo ya akseleta ilikuwa imepinda kidogo. Tuliondoa mpira, tukanyoosha fimbo. Sekunde mbili na nusu zikapotea hapo hapo kwenye kipimo. Mtu alikuwa tayari kununua vinywa vinne wakati hata viwili alivyo navyo hajawahi kuvifungua vyote.

La pili: breki zinazoshika. Tembea kilomita tano bila kukanyaga breki sana, simama, weka kiganja karibu na kila gurudumu. Moja likiwa na moto kuliko wenzake, liinue ulizungushe kwa mkono. Gari lililolala muda mrefu huwa na mipira ya breki iliyovimba ndani; kwa nje inaonekana nzima, ndani imejifunga, mafuta yanaenda lakini hayarudi.

La tatu ni avansi, wakati wa cheche. Ikichelewa, gari linakuwa zito, linapata joto, na bomba la moshi linakaribia kuwa jekundu. Kitabu kinaagiza digrii 6 kabla ya pistoni kufika juu, injini ikiwa ralanti na mpira wa vakyumu ukiwa umetolewa na kuzibwa. Kwa hewa nyembamba ya Lubumbashi injini hii inakubali 10, pengine 12, bila kugonga. Ukifika mizunguko 3,000 kwa dakika, mpira bado umezibwa, jumla iwe kati ya digrii 32 na 36. Ili kuongeza avansi zungusha mwili wa delko kinyume cha rota. Kwenye V8 ndogo ya Ford rota inageuka kinyume cha saa, kwa hiyo mwili wa delko unausukuma upande wa saa, kidogo sana, upana wa ukucha.

Ila kuna mtego hapo. Alama unayoilenga kwa taa ya kupimia avansi imechongwa kwenye duara zito la mbele ya injini, na duara hilo ni vipande viwili vilivyogundishwa kwa mpira. Mpira wa miaka zaidi ya 50 unachoka, kipande cha nje kinateleza, na alama inakudanganya. Nimeona fundi mzuri akibishana na gari siku nzima kwa sababu ya uongo wa alama hiyo. Kuhakikisha: toa waya ya betri, fungua bujia ya silinda namba 1, ingiza kizuizi (bujia ya zamani iliyotobolewa na kutiwa boliti inafaa), zungusha injini kwa spana taratibu mpaka pistoni iguse, weka alama kwa chaki. Zungusha upande mwingine mpaka iguse tena, weka alama ya pili. Katikati ya chaki hizo mbili ndiyo juu kabisa. Isipolingana na alama ya kiwandani, futa ya kiwandani upige rangi mpya.

Ukiwa hapo hapo, uvute kwa mdomo mpira unaokwenda kwenye kijisahani cha vakyumu cha delko. Bamba la ndani linapaswa kusogea na kubaki limesogea mpaka uachie. Ukivuta ukapata hewa tu, ngozi yake imepasuka. Gari litakunywa esansi zaidi na kuwa zito kwenye mwendo wa kawaida wa mjini, hata kama ukikanyaga mpaka chini huoni tofauti.

Bomba la moshi lililobonyea huwa linasahauliwa. Injini iliyozibwa nyuma ukiishikilia kwenye mizunguko 2,500, sindano ya vakyumu inashuka polepole badala ya kutulia. Lala chini uangalie; barabara zetu zenye mashimo zinapiga mabomba kuliko vitu vyote.

Hayo yote yakiwa sawa na gari bado zito, ndipo upime kompresheni. Bujia zote nje, kabureta wazi kabisa, betri yenye nguvu, pampu sita kwa kila silinda. Namba yenyewe isikutishe kwa sababu ya mwinuko. Linganisha silinda na silinda. Iliyo chini kabisa isipungue robo tatu ya iliyo juu kabisa. Ikipungua, tia kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la bujia upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Hapo uwe mkweli na mfuko wako: injini iliyochoka haiongezwi nguvu, inafunguliwa. Pesa yote ya mapambo iwekwe kando.

Valvu zina habari yake. Magari haya yalizaliwa wakati esansi ina risasi, na risasi hiyo ndiyo iliyokuwa inalinda viti vya valvu. Afrika kusini mwa Sahara iliiacha kufikia mwanzo wa 2006. Vichwa vya injini vya 1969 havikuwa na viti vigumu, kwa hiyo valvu za kutolea moshi zinazama polepole, hasa kwa anayekimbiza gari na mzigo. Siku kichwa kikifunguliwa kwa sababu yoyote ile, tia viti vigumu hapo hapo. Kulipa mchongaji mara mbili ni ujinga.

Ukikanyaga ghafla linajikwaa, halafu linaondoka

Zima injini, vua chujio, chungulia, vuta waya ya akseleta kwa haraka. Mistari miwili ya esansi inapaswa kuruka papo hapo, ikiwa na nguvu, si kudondoka kama mvua ya mwisho wa Aprili. Isiporuka, au ukiruka mmoja, ngozi ya pampu ndogo iliyo mbele ya kabureta imekauka. Hiyo ndiyo sehemu ya kabureta inayokufa kwanza kwenye gari linalokaa bila kuwashwa. Paketi ya gasketi na ngozi ndiyo kitu cha kwanza ninachoshauri mtu aagize, kabla ya chochote chenye kung'aa.

Mistari ikiwa mizuri na bado linajikwaa, rudi kwenye avansi. Na usisahau hewa ya wizi: mpira wa vakyumu uliopasuka, au gasketi chini ya kabureta. Injini ikiwa ralanti, pulizia maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia kuzunguka maungio. Ralanti ikibadilika, umepata. Wengine hutumia esansi kwa kazi hiyo. Mimi niliacha siku nyusi zangu zilipoungua.

Moshi mweusi, bujia nyeusi, harufu ya esansi nguoni

Toa bujia zote nane, zipange juu ya kitambaa kwa mfuatano wa silinda. Kahawia ya maziwa ni afya. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria ni esansi nyingi. Nyeusi yenye mafuta ni oili inayopanda. Nyeupe yenye vidoadoa ni joto kupita kiasi, na hapo usiendeshe mpaka ujue sababu.

Za yule mzee zote nane zilikuwa masizi. Zingekuwa mbili tu, ningetafuta waya mbovu; nane zote zinasema tatizo liko mahali pamoja, na mahali pamoja ni kabureta au chujio la hewa. Tulianza na chujio. Ndani ya kasha kulikuwa na sponji iliyokatwa kwenye godoro. Ninaelewa kwa nini watu hufanya hivyo: vumbi letu jekundu la miezi ya kiangazi, Mei hadi Septemba, linaziba karatasi haraka, na chujio la karatasi la saizi hiyo halipatikani kila duka. Lakini sponji ya godoro ikinyonya mvuke wa esansi inamong'onyoka, vipande vinaingia kwenye injini. Pima kipenyo na kimo cha kasha uende nacho sokoni. Machujio ya mviringo ya malori madogo mara nyingi yanakaa vizuri kabisa.

Kisha choki, bamba linalopunguza hewa injini ikiwa baridi. Injini ikiwa ya moto bamba la choki liwe wima. Kisha boya: likiwa limetoboka litazama, esansi itapanda na kumwagika ndani. Litikise sikioni, ukisikia maji, si maji. Kisha valvu ya nguvu, ile yenye ngozi chini ya kabureta, inayoongeza esansi unapokanyaga sana. Ikipasuka, inaongeza muda wote, hata ukiwa umesimama mbele ya soko.

Yakiisha hayo ndipo uguse jikleri. Desturi ya mafundi wa kabureta za Holley ni kushuka namba moja kwa kila futi 2,000, ambazo ni mita 600 hivi. Kwetu hiyo ni namba mbili chini. Kabureta ya Ford ina namba zake, hivyo shuka moja, pima sekunde, soma bujia, kisha shuka ya pili. Usizibe tundu kwa solda kisha ukalitoboa upya kwa sindano ya kushonea. Najua wapo wanaofanya hivyo na kujisifu. Tundu la jikleri si tundu tu, lina umbo la kuingilia na la kutokea, na la kwako halitakuwa nalo.

Kwa Mustang ya Katuba jikleri mbili chini na chujio la kweli zilirudisha uhai kuliko kitu kingine tulichofanya, na esansi ikapungua mpaka mzee akadhani geji imekwama.

Linakata ukifika mwendo wa juu

Hapa kuna njia mbili tu: esansi haifiki, au cheche haifiki. Likikata polepole kama mtu anayeishiwa pumzi, ni esansi. Likikata kwa mpigo, tatata, ni cheche.

Esansi: chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa ya plastiki, chomoa waya ya bobini ili injini isiwake, mtu apige stata. Pampu nzima inatoa karibu nusu lita ndani ya nusu dakika. Fanya hivyo nje, injini ikiwa baridi, na yule kijana mwenye sigara mtume dukani kwanza. Ikitoa kidogo, usikimbilie pampu. Kuna kichujio kidogo kilichokazwa kama skrubu pale pale kwenye mlango wa kabureta ambacho wengi hawajui kama kipo. Halafu mipira ya zamani inayobonyea kwa ndani. Halafu tangi: gari lililosimama miaka lina kutu, na kutu inakusanyika mlangoni mwa bomba mara tu esansi ianze kuvutwa kwa kasi. Ukisimama dakika tano inatulia chini, gari linapona, unasema ni mashetani.

Cheche: platini kwa gari hili ziwe na nafasi ya milimita 0.43, bujia 0.86. Platini zenye springi dhaifu zinarukaruka mwendo ukipanda. Angalia pia shafti ya delko, ile inayobeba rota, kama inacheza. Ishike kwa vidole uitikise kushoto na kulia, ikicheza nafasi ya platini inabadilika kila mzunguko. Mfuatano wa kuwaka ni 1-5-4-2-6-3-7-8. Silinda 5 hadi 8 ziko upande wa dereva, na 7 na 8 zinawaka zikifuatana huku ziko jirani kule nyuma. Waya zao zikilala pamoja, moja inaiazima nyingine umeme, na silinda ya 8 inawaka kabla ya wakati wake. Zitenganishe vidole viwili. Ni kazi ya kipande cha plastiki.

Kuhusu kuondoa platini na kutia kijisanduku cha elektroniki ndani ya delko: ninaunga mkono, ni kati ya vitu vichache vya kununua ambavyo havijutiwi. Ila fahamu kwamba Ford walipitisha umeme wa bobini kwenye waya yenye upinzani ili platini zisiungue, na vijisanduku vingi vinataka volti 12 kamili. Soma karatasi yake. Platini za zamani na kondansa yake zifunge kwenye mfuko uziweke ndani ya gari, maana kijisanduku kikifa kati ya Lubumbashi na Likasi hakitengenezwi kando ya barabara, platini zinatengenezwa.

Linagonga ukipanda mlima

Sauti ya kokoto ndani ya kopo, hasa likiwa na mzigo. Usiizoee. Kila kugonga huko ni nyundo juu ya pistoni.

Injini hii inabana kwa uwiano wa 9.5 kwa 1, inahitaji esansi nzuri. Kabla ya kurudisha avansi nyuma, ijue esansi yako. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe safi, liache likauke kivulini. Esansi safi inaondoka bila kuacha kitu. Iliyochanganywa na mafuta ya taa inaacha duara la mafuta. Tone hilo limeniokolea kazi nyingi kuliko geji yoyote. Ikiwa esansi ni safi, rudisha avansi digrii mbili, jaribu tena mlima ule ule. Kugonga kukiendelea, uliza joto la injini, na uulize masizi yaliyoganda juu ya pistoni kwa miaka ya kutembea na esansi nyingi.

Linachemka kwenye foleni

Nyuzi 96 za kuchemka maana yake una nafasi ndogo kuliko mtu wa pwani. Kifuniko cha radiata ndicho kinachokurudishia nafasi hiyo: chenye shinikizo la kilo 0.9 kinapandisha kuchemka kwa nyuzi 20 na zaidi. Raba yake ikipasuka, umebaki na sufuria wazi. Badilisha kifuniko kabla ya kushusha radiata. Kisha hakikisha lile boksi la kuzunguka feni lipo. Mafundi hulitoa ili wafanye kazi kwa urahisi wakasahau kulirudisha, na feni bila boksi inazungusha hewa ile ile. Usiondoe thamostati ukidhani unasaidia. Injini ya baridi muda wote inakunywa esansi, inaosha oili kwenye kuta za silinda, na haina nguvu.

Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, kuna ugonjwa mwingine: unazima gari dakika kumi sokoni, ukirudi haliwaki. Esansi imechemka ndani ya kabureta kwa joto la injini iliyosimama. Kibao kinene cha kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, kinamaliza habari. Mpaka ukipate, fungua boneti unaposimama.

Sasa hiyo kabureta ya bei ya pikipiki nzima

Tulipiga hesabu na mzee nyuma ya boksi la bujia. Injini ya mipigo minne inajaza ujazo wake mara moja kwa kila mizunguko miwili. Lita 4.9 gawanya kwa 2, mara mizunguko 5,000, ni lita 12,250 kwa dakika, sawa na futi za ujazo 433. Hakuna injini ya kawaida inayojaa yote. Chukua asilimia 85, unabaki na futi 370 hivi. Kabureta aliyotajiwa ilikuwa ya futi 750. Hewa ingepita humo kivivu, isivute esansi vizuri, na gari lingejikwaa kila anapokanyaga mjini. Kama siku moja atapata manifoldi ya vinywa vinne iliyotumika kwa bei nzuri, kabureta ya futi 500 inatosha na kubaki.

Kinachobadilisha kweli mwondoko wa gari hili ni meno ya ekseli ya nyuma. Mengi yalitoka na 2.79 au 3.00, ya kutembea barabara kuu za Marekani siku nzima. Kujua ya kwako: inua gurudumu moja la nyuma, lingine likiwa chini na limezuiwa kwa mawe, gia huru, lizungushe mara mbili kamili huku ukihesabu mizunguko ya shafti. Ukipata karibu tatu, ni 3.00. Kwenda 3.25 au 3.55 utahisi kama umeongezewa injini, ila kwenye barabara ya Likasi italia na esansi itapanda. Gharama kubwa hapo ni usafirishaji wa chuma kizito. Mzee aliuliza bei, akanyamaza, akasema tuendelee na yaliyobaki.

Yaliyobaki yalikuwa breki. Ngoma nne, bitana zimekwisha, mafuta meusi kama kahawa. Hatukumwuliza. Gari linalokwenda zaidi ya lilivyokuja halitoki uani kwetu na breki za jana, na pesa iliyookolewa kwenye kabureta ndiyo iliyolipa bitana, silinda ndogo za magurudumu na mafuta mapya.

Bado lina tatizo moja. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Lubumbashi ikiwa imekaza, linakohoa dakika mbili tatu za kwanza. Springi ya choki imechoka na nyingine sijaipata. Papa analiwasha, anaingia ndani kunywa chai, akitoka linamsubiri.